Nyumba ya Milango Sita

Nchi ya Tandawili usiitafute kwenye ramani. Hata waliozaliwa huko, ukiwauliza, watakuambia wao ni wa nchi ya jirani. Mambo yake yameandikwa hapa bila kuongezwa chumvi, maana yalifika yakiwa yameshakolea.

Katika nchi hiyo palikuwa na Wizara ya Kuta na Mapazia. Mgeni angedhani ni kiofisi cha watu watatu na birika la chai. Sivyo. Ilikuwa na jengo la ghorofa tisa, na katika ghorofa zote tisa hapakuwa na ukuta hata mmoja uliopakwa rangi, kwa kuwa kamati ya kuchagua rangi ilikuwa bado inakaa. Ilianza kukaa mwaka ule jengo lilipomalizika, na wajumbe wawili walikuwa wameshafariki wakiwa hawajamaliza kutoa maoni.

Waziri wake, Mheshimiwa Ngongoseke, alikuwa mtu wa mwili wa wastani na sauti ya watu wanne. Alikuwa na desturi moja: kila alipotaka kusema jambo zito, aliweka kwanza mkono wa kulia kifuani. Wizara ilikuwa imeajiri mpiga picha wa kazi hiyo peke yake, na mkataba wake ulisema wazi kwamba mkono ukifika kifuani, picha ipigwe, bila kungoja amri.

Taabu ilianza Waziri alipokwenda ng'ambo kwenye mkutano wa saruji. Juu ya hoteli aliyofikia palikuwa na bendera yenye mistari sita: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu na zambarau. Mheshimiwa aliitazama, akaona ni nzuri, na kwa kuwa katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kizuri ambacho hakikuwekwa kwa ajili yake, akajua amepokewa. Akasimama chini yake, akaweka mkono kifuani, akaimba beti mbili za wimbo wa taifa. Picha ikapigwa. Gazeti la serikali likaiweka ukurasa wa mbele, na chini yake wakaandika: Dunia yampokea Waziri.

Zilipita siku tatu ndipo mwanafunzi mmoja aliyekuwa masomoni huko akaandika barua kueleza kwamba bendera ile ni ya watu wanaopenda watu wa jinsia yao, na huipandisha kusema kwamba nao ni watu, nao wana kwao. Tandawili nzima ikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minane nchi kucheka bila kibali. Jioni ile Waziri akatangaza redioni kwamba ameshambuliwa na rangi.

Baada ya hapo hatua zilifuatana haraka. Rangi zenyewe hazikukatazwa, kwa sababu Tandawili ilikuwa na nyanya, machungwa, ndizi, mchicha na biringanya, na hata Waziri alikuwa anakula. Kilichokatazwa ni kuzikusanya. Wauza mboga waliamriwa kutenganisha biringanya na nyanya kwa hatua tano. Penseli za rangi za watoto wa shule zilipunguzwa hadi tano, na baada ya mjadala mrefu wa ipi itolewe, ikatolewa buluu, hivyo watoto wa mwaka ule wote walichora mbingu ya kijani. Idara ya Hali ya Hewa ilielekezwa kuhakikisha kwamba upinde wa mvua hautoki na rangi zaidi ya nne kwa wakati mmoja. Idara ilijibu kwa maandishi kwamba agizo limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Lakini majumbani je? Humo ndimo Wizara ilimokwama. Ungejuaje kama mwenye nyumba amepaka kuta zake kwa nia mbaya, au amepaka tu vibaya? Alihitajika mtaalamu. Wakatafuta katika ghorofa zote tisa, wakapata wataalamu wa saruji, wa misumari na wa posho, lakini wa rangi hakuna. Ndipo mtu mmoja wa masijala akakumbuka kwamba kwenye harusi ya dada yake, badala ya sufuria, mzee fulani alileta kitabu.

*

Mzee huyo aliitwa Matimbwa, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Kabla ya kustaafu alikuwa mgawaji wa mifagio kwenye ghala la serikali, kazi aliyoifanya miaka thelathini na moja bila ufagio kupotea. Kidato cha nne alikimaliza akiwa na mvi, kwenye shule ya jioni, akikaa dawati moja na mjukuu wa rafiki yake. Alipoonja elimu hakuacha tena. Alisoma ufugaji wa kuku, akasoma uandishi wa barua rasmi, na mwishowe akasoma miezi tisa ya Mapambo ya Nyumba, mwanamume peke yake katikati ya wanawake ishirini na watatu, akatoka na cheti chenye muhuri. Cheti kilitiwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni, na viti vyote vya sebule vilielekezwa kwenye fremu hiyo, hata kile ambacho kwa haki kingeelekea mlangoni.

Kutokana na cheti kilizaliwa kitabu: Rangi na Maana Yake kwa Mwenye Nyumba, kurasa arobaini, kilichopigwa chapa nakala mia mbili. Mzee alikigawa kwenye harusi na ubarikio. Watu walikipokea kwa mikono miwili, wakashukuru sana, wakakiweka nyuma ya televisheni. Katika miaka kumi na mitano hakuna binadamu aliyewahi kumnukulia Mzee Matimbwa sentensi hata moja kutoka humo, na jambo hilo alikuwa nalo kama mwiba wa samaki kooni, halimuui wala halishuki.

Ilibaki nyumba yake kuwa ushahidi. Ilijengwa chumba kwa chumba kadiri tofali zilivyopatikana, vyumba sita upande mmoja wa korido ndefu, vimepangana kama mabehewa. Kila chumba alikipaka rangi yake, na mlango wake rangi hiyo hiyo, na zote alizifuatanisha kama upinde wa mvua, kwa sababu kozi ilifundisha kwamba jicho lisiruke, litembee. Sebule ilikuwa nyekundu, nayo nyekundu ni uhai. Chumba cha wageni kilikuwa cha chungwa, kwa uponyaji, maana wageni wengi wa nyumba ile walikuwa ndugu waliokuja mjini kutibiwa. Cha tatu, kilichopangishwa kwa fundi wa mapazia, kilikuwa njano, ambayo ni jua. Chumba cha kulia chakula kilikuwa kijani, rangi ya maumbile. Chumba cha kulala, buluu, utulivu. Na mwisho wa korido, chumba kidogo alimosomea Mzee, zambarau, rangi ya roho.

Kwa mazoea ya miaka, watu wa nyumba ile waliacha kabisa kuvitaja vyumba kwa rangi wala kwa kazi yake. Waliviita kwa maana. Mkewe, Bi Sijali, ambaye hakusoma kozi yoyote, angesema funguo ziko Utulivu, au paka amekojoa Uponyaji, na hakuna aliyeona ajabu. Mzee mwenyewe, ukimwuliza ghafla chumba chake cha kulala kina rangi gani, ingebidi afikirie.

*

Barua ya uteuzi ililetwa na dereva mwenye glavu. Mzee Matimbwa aliteuliwa Mtaalamu wa Rangi wa Taifa. Aliisoma mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama. Kisha akamsomea mkewe, akitua kwenye kila alama ya kituo kama alivyofundishwa.

Bi Sijali aliuliza kama kazi hiyo ina kiti. Akaambiwa ina kiti, meza na kofia. Akasema basi vizuri, atapata mahali pa kukaa mbali na jiko lake. Na tangu siku hiyo, alipotaka kumchokoza, aliacha kumwita Baba Zawena, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, akawa anamwita Mheshimiwa Mtaalamu. Mzee alijua anachokozwa. Hata hivyo aligeuka kila alipoitwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulijibu lile swali la nia. Mzee alijifungia siku nne, akatoka na jibu ambalo lilimtoa Waziri machozi kwa uzuri wake. Rangi sita ovyo ovyo, aliandika, ni bahati mbaya. Rangi sita kwa mpangilio ni nia. Mwenye mpangilio amefikiri, na aliyefikiri amekusudia. Akatunga na fomu, Fomu Namba Sita. Mkaguzi asimame mlango wa mbele. Milango yote ya ndani ifunguliwe. Ahesabu rangi kuanzia mlangoni kwenda nyuma. Zikipatikana zote sita, zikifuatana kutoka nyekundu mpaka zambarau, nyumba hiyo ni nyumba yenye nia.

Bi Sijali alisomewa fomu wakati akichambua mchele. Alimtazama mumewe usoni, akauliza wataanza kukagua mtaa gani. Mzee akamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Bi Sijali akarudi kwenye mchele wake. Wakaguzi wakapita nchi nzima miezi minne, wakahesabu nyumba elfu tisa, na hawakupata hata moja yenye rangi zote sita kwa mpangilio, kwa kuwa watu wa Tandawili hupaka rangi iliyobaki dukani. Mzee aliandika taarifa ya kusifu uadilifu wa wananchi.

*

Kwa kuwa nyumba zilikosa hatia, ikabidi apatikane mtu.

Alikamatwa Selestini, yule fundi wa mapazia, mpangaji wa Jua. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mpole, mwenye pini midomoni muda wote hivi kwamba kuongea kwake kulikuwa kufupi. Alikuwa amekaa katika nyumba ya Mzee miaka saba, na Bi Sijali alimpakulia kabla ya kumpakulia mumewe. Kwenye dirisha la kibanda chake sokoni palikutwa pazia la vipande sita vilivyounganishwa, nyekundu juu, zambarau chini, na pembeni yake karatasi iliyobandikwa kwa pini, ikieleza kila rangi ina maana gani. Wizara ikasema karatasi hiyo ni maelekezo ya siri kutoka ng'ambo. Adhabu ilikuwa miaka saba kwenye Kisiwa cha Kufikiri Upya: mwaka mmoja kwa kila rangi, na wa saba kwa ajili ya uzi.

Iliyobaki ni mtaalamu kuthibitisha mbele ya Baraza, siku ya Ijumaa, kwamba kile kitambaa ni bendera. Akisema ni pazia, fundi angerudi nyumbani.

Jalada lililetwa mezani kwa Mzee. Alivaa miwani, akaifungua ile karatasi ya siri kutoka ng'ambo, akasoma mstari wa kwanza: Nyekundu ni uhai, usiiweke karibu na kitanda cha mtu mwenye presha.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ulikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua kukata. Chungwa ni uponyaji, na hufaa chumba cha wanaougua au waliofiwa. Njano ni jua lililoingizwa ndani. Yote yalikuwepo, na nukta zake.

Aibu ni kulisema, lakini kitu cha kwanza alichohisi Mzee Matimbwa, huku mpangaji wake akiwa mahabusu, kilikuwa furaha. Amenukuliwa. Furaha hiyo ilidumu muda wa kumeza mate. Iliyofuata ilikuwa hofu, nayo haikuwa na haraka ya kuondoka.

*

Alikwenda mahabusu akiwa na kofia yake ya kazi, kwa sababu bila kofia wasingemruhusu kuingia. Selestini alikuwa amekaa sakafuni. Bila pini midomoni alionekana kama mtu aliyeng'olewa meno. Mzee alimsalimia, akamwambia mama yake wa nyumbani, Bi Sijali, amempa ndizi ila askari wamezila, kisha akamwuliza alichokwenda kuuliza.

"Kile kitambaa, mwanangu, ni pazia au ni bendera?"

"Mzee unauliza kama Wizara, au kama baba mwenye nyumba?"

Mzee Matimbwa aliivua kofia, akaiweka chini, na kwa kuwa sakafu ilikuwa chafu na kofia ilikuwa mpya, ikamchukua muda kuiachia.

"Kama baba mwenye nyumba."

"Basi ni bendera. Niliitia pindo la kupitisha fimbo ili ifanye na kazi ya pazia, maana dirisha lilikuwa tupu."

Hapo Mzee alitakiwa kushangaa, lakini hakuwa na mshangao wowote wa kutoa. Alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, na kama mtaa mzima alikuwa ameamua kutojua. Alimkumbuka Damasi, yule kijana mrefu aliyekuja kila Jumapili na mkate, ambaye Bi Sijali alikuwa na sahani yake. Alikumbuka Damasi alipohamia nchi ya pili, Selestini hakushona wiki mbili wala hakula. Nyumba ile haikuuliza kitu. Mzee alichofanya ni kumhamishia Uponyaji kwa wiki moja, kwa mujibu wa ukurasa wa kumi na mbili.

"Nilipona kidogo," alisema Selestini, kana kwamba walikuwa wakifikiria jambo moja. "Sidhani ilikuwa rangi, Mzee, usinikasirikie. Ni kwa vile hamkuniuliza. Baadaye Damasi akaniandikia kwamba huko aliko, watu kama sisi wana bendera, na akanieleza kila mstari una maana gani. Uhai, uponyaji, jua, maumbile, utulivu, roho. Nilicheka mpaka machozi. Miaka saba nilikuwa nakaa ndani yake, nalipa kodi, na hakuna aliyenifukuza. Ndiyo nikakata ule ukurasa. Samahani kwa kitabu."

Mzee alisema nakala bado zipo.

"Ijumaa nitasema ni pazia tu," aliongeza. "Vitambaa vilivyobaki, havina maana yoyote. Watakuachia."

Selestini aliangalia ile kofia chini. "Nataka kurudi nyumbani, Mzee, siku hizi tatu zimenitosha. Lakini usiseme hakina maana. Soma tu kilichoandikwa."

*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mheshimiwa Ngongoseke mwenyewe aliongoza Baraza, na alifungua kwa hotuba ya saa moja kuhusu rangi zilivyomvizia ng'ambo akiwa hana ulinzi. Kisha Katibu wake, mtu mwembamba aliyebeba fomu kwapani kama wengine wanavyobeba gazeti, akamletea Mzee tamko la kitaalamu, ambalo Wizara ilikuwa imemwandikia ili asichoke. Kilichobaki ni kulisoma.

Mzee alisimama, akakohoa. Nyekundu, lilisema tamko, ni damu ya raia wema. Chungwa ni ulafi. Njano ni homa ya manjano.

Hapo aliacha kusoma. Yaliyompata dakika ile yasije yakapambwa. Mzee Matimbwa hakuwa shujaa. Usiku uliotangulia alikuwa ameshaamua kusoma chochote atakachopewa na kumwombea Selestini kimyakimya. Ushujaa hakuwa nao. Alikuwa na majivuno, na siku ile majivuno yalifanya kazi ya ushujaa kwa kuwa ushujaa wenyewe haukufika. Miezi tisa alikaa na wanawake ishirini na watatu waliomcheka, akajifunza kwamba njano ni jua, halafu mtu ambaye hajakaa darasani hata siku moja amwambie ni homa ya manjano?

Akalikunja lile tamko, akaomba karatasi ya ushahidi, akaisoma yote tangu uhai mpaka roho, akitua kwenye kila kituo. Alipomaliza alisema maelezo yale ni sahihi.

Waziri aliuliza, kwa sauti ya watu wawili tu, maelezo hayo yametoka kwa adui gani.

"Yametoka kwangu, Mheshimiwa. Ukurasa wa kumi na mbili. Ni kitabu cha kuishi nyumbani, wala hakina siri. Mimi mwenyewe naishi hivyo. Ukiingia kwangu unaanza na Uhai, unapita Uponyaji, kisha Jua, Maumbile, Utulivu, hadi..."

Hakufika Roho. Masikio yake yalikuwa yamesikia alichokuwa akikitaja mdomo wake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano alivibadilisha vyumba vyake kuwa rangi, kimojakimoja, kuanzia mlangoni kwenda nyuma. Kutoka viti vya wasikilizaji alimwona Bi Sijali akimtazama kwa uso ule ule wa siku ya mchele.

Katibu alikuwa ameshachomoa Fomu Namba Sita.

*

Baraza zima lilihamia nyumbani kwa Mzee, magari kumi na moja, na Selestini kwenye la mwisho akiwa na pingu. Katibu alisimama mlango wa mbele kama fomu ilivyoagiza. Milango yote ilifunguliwa. Akahesabu kwa sauti, kutoka moja hadi sita. Nyumba elfu tisa zilikuwa zimekaguliwa, na iliyokuwa na nia imepatikana, kwa kipimo kilichotungwa ndani yake.

Mheshimiwa Ngongoseke hakuweza kungoja. Aliingia, akatembea korido yote hadi mwisho akipita mlango baada ya mlango, akageuka kuwakabili watu waliojazana barazani. Alikuwa na jambo zito la kusema. Akaweka mkono kifuani.

Mpiga picha akapiga.

Ndani ya picha milango sita ilikuwa imejipanga kando ya Waziri, nyekundu hadi zambarau. Mpiga picha alikuwa wa kwanza kuelewa. Alikikumbatia chombo chake kama mtu aliyeshika kitoto kisicho chake. Kisha akaelewa Katibu. Waziri alielewa wa mwisho, kwa kuwa alikuwa ndani ya picha. Mkono ulibaki kifuani, maana kuushusha haraka kungekuwa kukiri.

Mzee Matimbwa alikuwa amesoma uandishi wa barua rasmi, na alijua kwamba jambo lolote la hatari huandikwa kama swali.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba mwongozo wa maneno ya chini ya picha hii. Tuandike kwamba Waziri ameisalimu bendera kwa mara ya pili, au kwamba Waziri amemtembelea mzee nyumbani kwake?"

Watu wa barazani hawakucheka. Lakini kibali cha kucheka kilikuwa karibu sana, na Waziri alikiona.

"Hii ni nyumba," alisema hatimaye.

"Na lile la sokoni, baba?" aliuliza Bi Sijali, kwa heshima iliyopitiliza. "Maana ni la rangi hizi hizi."

"Pazia ni pazia," alisema Waziri. "Katibu, andika. Pazia ni pazia, popote lilipo, halihesabiwi."

Katibu aliandika, ikawa sheria. Pingu zilifunguliwa pale pale mbele ya Uponyaji. Na kwa kuwa serikali haiwezi kuondoka mahali mikono mitupu, waliagiza chumba kimoja kipakwe rangi ya maziwa ndani ya siku saba. Kofia waliichukua.

*

Mzee alichagua Roho, chumba chake mwenyewe. Alikipaka kwa mkono wake, kuta na mlango, na ilimchukua siku mbili kwa sababu zambarau ilikuwa inarudi kila rangi ya maziwa ilipokauka. Akajaza Fomu Namba Sita ya nyumba yake: rangi tano. Alipoipeleka wizarani na kurudi, alikuta mlangoni mwa Roho pametundikwa pazia refu la zambarau, limeshonwa vizuri, na pindo lake limenyooka kama limepigwa rula. Alisimama mlango wa mbele, akahesabu kwenda nyuma. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha akaligusa lile pazia ambalo kisheria halihesabiwi.

Bi Sijali aliita kutoka ndani kwamba chai iko Jua. Mzee aliingia. Katika miaka saba alikuwa ameingia chumba kile mara nyingi, kila mara kumweleza mpangaji ukuta wake. Selestini alisogeza vitambaa ili wapate kukaa, pini zikiwa midomoni, akazitoa moja moja.

"Mzee leo hutuambii njano ni nini?"

Mzee Matimbwa alifungua mdomo. Ukurasa wa kumi na mbili wote ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Bi Sijali alikuwa ameshaweka kikombe chini, tayari kuvumilia.

"Anayekaa humu ni wewe," alisema Mzee. "Tuambie wewe."

Akasikiliza, na chai yake ikapoa.